Lori la Kila Mtu Kwao

Mimi naitwa Arafa, na wapangaji wangu wote huniita Mama Alwi. Nina vyumba vya kupangisha nyuma ya msikiti, hapa Kitale, alivyoniachia marehemu mume wangu, na mbele nina meza ya chai na mahamri. Nasema haya mapema ili mjue kwamba mimi si msomi, wala sitafuti kuonekana msomi. Wasomi nimewaona. Niliyempenda ni mmoja tu, na ndiye ninayetaka kumweleza, kwa sababu juzi nilimsikia mtu redioni akimtaja ati ndiye "mtaalamu aliyeongoza zoezi la kuwarudisha watu makwao." Nilimwaga chai ya wateja kwa hasira.

Hakuliongoza. Alilipinga mpaka sauti ikamkauka.

Jina lake ni Viola Nakhungu. Ni mzaliwa wa Chwele, mtoto wa mwanamke aliyekuwa akiuza vitunguu pale sokoni. Vitunguu ndivyo vilivyomsomesha, na majirani wakamcheka mama yake, ati binti anasomeshwa mpaka awe nani? Akasoma. Akaenda Nairobi, akarudi, akaenda tena, na mwisho akaajiriwa kufundisha katika tawi la chuo kikuu kimoja kule Bungoma. Somo lake ni ustawi wa jamii, yaani kwa nini watu ni maskini, na wenye mamlaka wanafanya nini au hawafanyi nini juu yao. Aliponieleza mara ya kwanza nilimwambia, "Mwanangu, hilo nalo lahitaji digrii? Watu ni maskini kwa sababu hawana kitu." Akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaniuliza, "Na kwa nini hawana, Mama Alwi?" Nikamwongezea hamri.

Alikuja kwangu kupanga chumba kwa ajili ya utafiti wa shahada yake ya udaktari. Alitaka kuwajua watu wanaolala nje hapa Kitale, kwenye veranda za maduka ya mbegu na mbolea, nyuma ya steji, kando ya maghala ya mahindi. Nilidhani atakaa kidogo, ajaze karatasi zake, aondoke kama wenzake. Wenzake huja na fulana zenye maandishi, hugawa soda, hupiga picha, na mtu aliyepigwa picha hubaki na chupa tupu. Huyu alikaa mwaka mzima na zaidi. Nguo zake zikaanza kunuka moshi wa plastiki kama za hao anaowaandika, mpaka nikamwambia azifue kwanza ndipo aingie chumbani kwangu. Alitii. Ana adabu, hata kama ni mbishi.

Na adabu yake ndiyo ilikuwa njia yake ya kufanya kazi. Hakuanza na maswali, alianza na salamu, na salamu za kwao hazina haraka. "Mulembe," kisha habari za watoto, kisha mvua, kisha lile swali ambalo pande hizi mtu aliyelelewa vizuri haliruki: "Kwenu ni wapi? Wewe ni mtoto wa nani?" Ukimwuliza mtu hivyo umemwambia kwamba ana watu wake, hakuokotwa. Kila aliyeulizwa alinyoosha mgongo kabla ya kujibu. Kwetu ni Endebess. Kwetu ni Chwele, babu yangu ni fulani. Mtu hajaoga tangu wiki iliyopita, gunia ndilo blanketi lake, lakini sikusikia hata mmoja akijibu, "Sina kwetu." Hilo halisemwi. Kusema huna kwenu ni kujilaani kwa kinywa chako mwenyewe.

Nakhungu aliyaandika majibu hayo, maana mtu akikutajia babu yake huwezi kukaa na kalamu mfukoni. Baada ya hapo ndipo alipouliza yale ya masomo yake: uko hapa kwa nini, alikufukuza nani, ulijaribu kurudi, ukaambiwa nini? Hayo yalijaza sura tano. Yale ya salamu yaliingia nyuma kabisa ya kitabu, katika jedwali la ukurasa mmoja.

Mmoja wa watu wa veranda alikuwa Emmy. Huyu namjua kuliko wengine kwa sababu alikuwa akinichotea maji asubuhi, nami namlisha yeye na watoto wake, Joy na Hesbon. Emmy ni mzaliwa wa Malakisi. Aliolewa Endebess na kijana aliyekuwa akikamua ng'ombe kwenye shamba la tajiri mmoja, wakakaa katika nyumba za wafanyakazi. Mume akafa kwa ugonjwa wa mapafu. Mwenye shamba akaitaka nyumba yake upesi ampe mkamuaji mwingine, kwa kuwa ng'ombe hawangoji matanga yaishe. Emmy akawabeba watoto akarudi Malakisi kwa baba yake, akakuta baba amefariki na kaka yake, Wekoye, amepanda tumbaku mpaka mlangoni. Wekoye alimlaza jikoni kwa muda, kisha akamwambia kwamba msichana akishaolewa hana kitanda kwa kaka yake, aende kwa wakwe. Wakwe nao walikuwa vibarua wa shamba lile lile la Endebess. Ndipo Emmy akaja Kitale, akalala veranda ya duka la mbolea, Joy ubavu huu na Hesbon ubavu ule.

Nakhungu alipomsalimu na kumwuliza kwao, alijibu, "Malakisi." Basi, likaandikwa.

Udaktari ukapatikana, tukachinja kuku. Nakhungu akarudi Bungoma kufundisha lakini chumba changu hakukiacha. Ijumaa jioni anashuka na mkoba wake, Jumamosi yuko veranda. Wakati mwingine alileta wanafunzi, akawakataza kutoa simu mbele ya watu. Alikuwa akisema, na ameandika, kwamba hawa hawahitaji kupelekwa popote. Wanahitaji vyumba vya bei wanayoiweza hapa hapa mjini wanakofanya vibarua, na sheria ya kumzuia mwenye shamba kumtoa mjane nje kabla kaburi halijakauka. Aliwapa wakubwa kitabu hicho. Wakakiweka kabatini, wakamshukuru kwa mchango wake.

Mwaka jana kikatoka kabatini. Laiti kingebaki huko!

Lilianzishwa jopo lililojiita Kila Mtu Kwao, lenye fedha za wafadhili na magari meupe. Kazi yake ilikuwa kuwaondoa wanaolala nje Kitale na kuwarudisha vijijini, "kwa heshima," hivyo ndivyo walivyosema. Nani aliyelianzisha sijui, maana kila niliyemwuliza alinielekeza kwa mwingine. Mshauri wake mkuu alikuwa Profesa Kiragu, mkuu wa kitivo anakofundisha Nakhungu. Jumamosi moja profesa huyo alikuja mwenyewe mpaka kwenye meza yangu, akaketi, akaagiza chai, akaisifu. Nakhungu alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka veranda.

"Daktari, hongera!" akasema. "Utafiti wako umeanza kufanya kazi. Jopo limeuchukua."

"Limechukua nini, Prof?"

"Lile jedwali la nyuma. Kila mtu na kijiji chake. Yaani ulishawamalizia kazi, kumebaki lori tu."

Nakhungu aliweka mkoba chini polepole. "Prof, hiyo ni salamu."

"Salamu gani?"

"Ni salamu! Ni adabu ya kuanza mazungumzo. Nimeandika sura tano kueleza kwa nini hawa watu hawawezi kulala huko makwao, na nyinyi mmeruka sura tano mkachukua salamu?"

"Si walijibu wenyewe?" Profesa akatabasamu. "Hakuna aliyewalazimisha."

"Ukiniuliza habari ya asubuhi nikakwambia nzuri, utaandika kwamba Bungoma hakuna wagonjwa?"

Profesa Kiragu alinywa chai kwanza. Kisha akainama, akasema kwa sauti ya mtu anayekupa siri ya kukufaa, "Viola, usiwe mgumu. Cheo chako cha uprofesa mshiriki kiko mezani kwangu. Utafiti uliochukuliwa na serikali una uzito. Wewe kubali tu."

"Na Emmy?"

"Emmy ni nani?"

Nakwambieni, nilikuwa na birika mkononi, na Mungu ndiye aliyenizuia. Mtu anakwenda kumhamisha mtu na watoto wake, na hajui hata jina lake, ilhali jina hilo liko kwenye jedwali hilo hilo analolisifu! Nilimwambia chai imekwisha. Birika lilikuwa limejaa.

Nakhungu alikwenda ofisi ya jopo mara nyingi kuliko ninavyokumbuka. Aliambiwa maoni yake yamepokelewa. Akaomba jina lake litolewe kwenye shughuli hiyo, akaambiwa hilo nalo limepokelewa. Wakati huohuo walikuja askari waliokodiwa na jopo, wakapita veranda hadi veranda wakitangaza siku ya safari, na kwamba atakayekataa atashtakiwa kwa kuzurura. Emmy aliniuliza, "Mama Alwi, mtu ako na watoto pia huzurura?" Nilimwambia aingie ndani anywe chai.

Ila Nakhungu alikuwa amesoma maandishi ya jopo lenyewe kuliko walioyaandika. Mahali fulani walisema kila mtu "atakabidhiwa kwa jamaa yake." Siku ya safari alifika alfajiri, lori likiwa linapakiwa, akamwendea ofisa aliyesimamia, kijana aitwaye Kibiwott, mpole, shati limepigwa pasi.

"Ofisa," akamwambia, "kukabidhi ni kazi ya watu wawili, mmoja anatoa na mwingine anapokea. Hata jeneza halishushwi kando ya barabara, wenye boma hutoka wakalipokea. Hakuna atakayeshuka kwenye lori hili mpaka mwenye nyumba atoke, aseme kwa mdomo wake amempokea. Nami napanda nione."

Kibiwott hakuona ugumu. "Hiyo ni sawa tu, Daktari. Si ni kwao? Watapokelewa."

Nami nikapanda. Meza yangu nilimwachia jirani yangu Leila. Sikuwa nimepanga, ni kwamba Emmy alinishika mkono kuaga na mkono hakuuachia.

Tulianzia Chwele. Ilikuwa siku ya soko, barabara imejaa pikapiki na mbuzi, na lori letu likapita katikati watu wakitutazama kama wezi waliokamatwa. Wa kwanza kufikishwa kwao alikuwa mzee Wakoli, mpakuzi wa magunia aliyeumia mgongo. Alituonyesha njia bila kukosea hata kona moja. Tulipofika tukakuta lango la chuma na nyumba ya mawe. Akatoka mwalimu mmoja, mtu mstaarabu, akasalimu wote, akasema shamba hilo alilinunua kwa wapwa wa mzee zamani, na hati anayo. Mzee Wakoli akaomba aone kaburi la mama yake. Mwalimu akamruhusu. Lilikuwa katikati ya mahindi, limezungushiwa mawe, limetunzwa. Mzee akasimama pale kidogo, akamshukuru mwalimu, akarudi kupanda lori bila kuambiwa.

Ikawa hivyo nyumba kwa nyumba. Kwingine walifunga mlango tulipoonekana. Kwingine mama mmoja alilia, akamkumbatia mwanawe, akampa ndizi, akamwambia ndugu zake watamuua kwa ajili ya shamba, arudi alikotoka. Kibiwott alianza safari akipiga miluzi. Tulipokaribia Malakisi alikuwa ameiacha, amekunja mikono ya lile shati lake.

Kwa kina Emmy tumbaku ilikuwa imefika mlangoni kweli, na tanuri la kukaushia linatoa moshi. Wekoye akatoka akipangusa mikono. Nakhungu akamsalimu kwa lugha yao, akaitikia vizuri, akaulizia hata safari.

"Tumekuletea dada yako," Kibiwott akasema.

"Naona. Karibuni."

"Huyu ni wa hapa?"

"Wa hapa kabisa! Nani amesema si wa hapa? Kwao ni hapa."

Kibiwott akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Chwele. "Basi umempokea."

Wekoye akatazama chini. Nyuma yake mkewe alikuwa amesimama mlangoni, na vijana wao wakubwa nyuma ya mama. Nyumba yenyewe ilikuwa ya chumba na sebule.

"Ofisa, wacha nikuambie ukweli," akasema. "Huyu ni damu yetu, hatukatai. Akikufa, mtuletee. Tutamzika vizuri, hata ng'ombe tutachinja, na pahali pake iko, si mbaya. Lakini ya kulala, bana, ya kulala hakuna. Wewe mwenyewe unaona nyumba. Hawa vijana wangu wanalala wamepangana, na shamba ni hii tu."

Emmy alikuwa juu ya lori, pembeni yangu. Alisikia kila neno. Hata Joy alisikia, naye yuko darasa la nne, si mtoto wa kudanganywa. Akamvuta mama yake nguo. "Mama, kwani utakufa?"

Mimi nilitaka kushuka nimzabe Wekoye kofi. Nasema kweli, nilishatoa mguu. Kisha nikaiangalia ile nyumba, na wale vijana wamesimama mabega yamegusana mlangoni kwa kukosa nafasi, na hasira ikakosa pa kukaa. Niliyetaka kumpiga hakuwepo Malakisi. Alikuwa Bungoma, ameketi chini ya feni, anasema kila mtu ana kwao. Ndiyo, kila mtu ana kwao pa kuzikwa! Umaskini umefika mahali ndugu wanaweza kumpa mtu shimo lakini hawawezi kumpa mkeka, na watu waliosoma mpaka ng'ambo wanaona hilo ni makao.

Kibiwott akapiga simu. Tulikuwa karibu, tukasikia sauti ya mkubwa wake. "Washushe hapo, piga picha, rudi. Usinisumbue."

Kijana alibaki na simu sikioni hata baada ya ile sauti kukatika. Akamtazama Joy. Halafu akamwambia dereva, "Geuza." Katika jopo zima sikuona mwingine aliyefanya jambo la kiume, na nasikia alihamishwa mwezi huohuo, mbali.

Tukarudi Kitale na lori limejaa vilevile. Mnadhani mambo yaliisha hapo? Wiki iliyofuata jopo likatangaza mafanikio. Ati awamu ya kwanza imekamilika, familia zote zimefikishwa makwao. Emmy alipokwenda kuchukua unga wa watoto, ambao jopo hilo hilo lilikuwa likiwagawia wanaolala nje, karani alimwambia yeye sasa ni mtu wa Malakisi, hapa hayupo. Amesimama mbele yake, Hesbon mgongoni, na anaambiwa hayupo! Juu ya hayo likatangazwa lori la pili. Hilo lingeanza na "waliorudi kinyemela," na safari hii pasingekuwa na habari ya kukabidhi mtu. Watashushwa sokoni, basi.

Emmy akaacha kula. Alikuwa akiwapa watoto sehemu yake, na usiku anakaa macho akisikiliza kama kuna gari. Akaniambia wakimshusha Malakisi mara ya pili atalala kwenye tanuri la tumbaku, maana ndiko kwenye joto. Nilimwambia asiseme upuuzi. Hakuwa anasema upuuzi.

Kabla ya lori la pili kulikuwa na mkutano mkubwa hotelini Bungoma, wafadhili waonyeshwe matunda ya fedha zao. Nakhungu alialikwa ashukuriwe, tena meza ya mbele. Nilimwuliza, "Utaenda kweli?" Akasema, "Nitaenda, na tutaenda na Emmy, kama mwenyewe anataka." Emmy alifikiri siku nzima. Akaazima kitenge changu kizuri.

Ukumbi ule ulikuwa umevishwa vitambaa, viti navyo vimefungwa mafundo kama maharusi. Profesa Kiragu alizungumza kwa muda mrefu. Alionyesha ukutani picha ya lori likitoka Kitale. Ya lori likirudi hakuionyesha. Mwisho akamwita Nakhungu, na watu wakapiga makofi.

"Sina hotuba," Nakhungu akasema. "Nimekuja na mama mmoja aliyerudishwa kwao na mpango huu. Msikilizeni yeye. Mama Joy, karibu mbele."

Nilidhani watashtuka. Thubutu! Walipiga makofi kuliko mwanzo. Walidhani ameletwa kushukuru. Mgeni wa heshima, baba mnene mwenye sauti ya huruma, akasimama, akamshikia kipaza sauti mwenyewe. "Mama, usiogope. Kwenu ni wapi?"

Emmy akatazama ule ukumbi. Kulikuwa na wazee wa kwao humo, wenye kofia na fimbo, na mapasta, na watu wanaojua ukoo wake. Nikamwona ananyoosha mgongo, nami nikajua atajibu nini.

"Malakisi," akasema.

Makofi yakalipuka. Profesa Kiragu alisimama kabisa, akapiga makofi mikono ikiwa juu. Mfadhili mmoja akafuta machozi. Nakhungu alifumba macho. Hata mimi, niliyekaa naye miaka hii yote, nilidhani ameshindwa, na kwamba ameshindwa na adabu ya watu wake mwenyewe.

Kisha akavua viatu vyake vya mkutano. Akamwendea Emmy, akamketisha kwenye ngazi ya jukwaa, akachuchumaa mbele yake kama afanyavyo veranda. Kipaza sauti akakiweka katikati yao, chini, na ukumbi akaupa mgongo.

"Mama Joy," akasema, "usiku wa kuamkia leo ulilala wapi?"

Emmy hakujibu. Hilo ni swali la aibu mbele ya wanaume, na pande hizi halina jibu la heshima. Nakhungu akangoja. Hakumsaidia, hakumkumbusha. Mgeni wa heshima akakohoa, Profesa akaanza kusogea.

"Kwa veranda," Emmy akasema. "Ya duka ya mbolea. Kitale."

"Na watoto?"

"Na watoto."

"Malakisi hukufika?"

"Nilifikishwa." Sauti yake ilikuwa ndogo lakini kipaza sauti kiliibeba mpaka viti vya nyuma. "Ndugu yangu alisema hana mahali ya mimi kulala. Alisema nikikufa ndio niletwe. Sasa si mnaambia watu niko huko? Hiyo ni kusema nilishakufa?"

Hapakuwa na makofi. Mzee mmoja wa kwao alivua kofia yake. Mgeni wa heshima akasema suala hilo ni zito na litaangaliwa, kisha akatangaza chakula. Jamani, chakula! Profesa alipita karibu na Nakhungu, ambaye alikuwa bado anatafuta kiatu kimoja, akamwambia chini chini, "Umejimaliza, Viola."

"Kimbia Prof, kuku watakuishia," akamjibu.

Lori la pili halikutoka. Hakuna aliyetangaza kwa nini. Nasikia wafadhili walitaka waonyeshwe hao watu mmoja mmoja mahali wanapolala, na wiki hiyohiyo ofisi ya jopo ikafungwa, ati kwa tathmini. Hilo ni kubwa, na aliyelifanya ni Emmy, na aliyemkalisha pale ni Nakhungu. Cheo hakupata mpaka leo. Jina lake aliomba liondolewe kwenye ripoti ya jopo, akajibiwa kwamba vitabu vilishachapwa. Ndiyo maana redio bado inamsifu kwa kazi aliyoizuia, na profesa wake bado anaalikwa kueleza umaskini kwenye mahoteli.

Emmy je? Nilimpa stoo yangu. Nilitoa makaa, nikapaka chokaa, nikaweka kitanda na kufuli, na ufunguo nikamkabidhi Joy mkononi. Siku hiyo nilijiona mtu. Nakhungu alipokuja Ijumaa nilimpeleka kuona, nikangoja nisifiwe. Alinishukuru, tena kwa machozi. Halafu, kwa kuwa ndivyo alivyo, akauliza, "Na ukifa, Mama Alwi?"

Nilimnunia. Nilimwambia ana roho mbaya, nimetoa stoo yangu na bado anatafuta kasoro. Chai sikumpa. Lakini nilipolala nilimwona mwanangu Alwi, na mke wake, na mipango yao ya kujenga ghorofa pale. Alwi si mtoto mbaya. Atazika mama yake kwa heshima, atangoja siku za matanga ziishe, kisha atamwambia Emmy aondoke, na mimi sijui sheria hata moja itakayomwambia hapana.